Nyundo ya Mkutano wa Machi

Jumatano, 25 Februari

Theluji asubuhi, jua mchana. Barabara yetu imeanza kulegea. Verna amekwama tena na gari chini ya kilima, akapanda kwa miguu, viatu mkononi, soksi nyeusi tii kwa matope. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema safari hii ni ya mwisho: ama kijiji kimwage kokoto kwenye barabara yetu kama kilivyowamwagia wengine, ama yeye anahamia kwa dada yake Ardis kule Rutland, kwenye lami mpaka mlangoni. Kisha akaenda kufua soksi. Kwa kawaida mke wangu husema jambo mara tano. Hili kalisema mara moja tu.

Hoja ya kokoto imo kwenye Mkutano wa Jumanne. Sahihi nilizikusanya mwenyewe. Kwetu Vermont ukisema Mkutano, hakuna anayeuliza mkutano gani. Wazima moto wana kikao. Kanisa lina kikao. Wawindaji wana kikao na bia. Mkutano ni mmoja, Jumanne ya kwanza ya Machi, kijiji kizima ukumbini, kila mtu na mdomo wake na kura yake. Kinachopita hapo kimepita.

Nimewaza na nimepata. Anayeshika nyundo ndiye anayeshika Mkutano! Nyundo ya Mwenyekiti anayo Royce Tatro tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ndiye anayeamua nani aseme, nani akae, kura ipi imeshinda. Lazima nimpokonye kiti. Verna alipendekeza njia nyingine: nisimame tu, niseme barabara ni mbovu. Nikacheka kwa upole. Siasa haijui.

Jumamosi, 28 Februari

Kampeni dukani. Kwanza rafiki yangu Hollis Pike. Kazi yake ni kunitaja niwe Mwenyekiti, Mkutano ukifunguliwa tu, kabla mtu hajamtaja Royce. Akauliza kwa nini. Nikamwambia asiulize. Akadai galoni ya shira ya mepo, ile tunayochemsha kwa utomvu wa miti. Nikampa. Uongozi una gharama zake.

Kisha nikapenyeza uvumi. Nikamnong'oneza muuza duka kwamba masikio ya Royce siku hizi yameziba, maskini, mzee wa watu. Muuza duka akanijibu kwa sauti ya kutosha kwamba Royce yuko hapo hapo nyuma ya rafu ya misumari. Royce akatokea na misumari yake. Akanisalimia vizuri. Akasema, "Merritt, bwana wee, ukiitaka hiyo nyundo si useme tu? Mimi nimeichoka."

Mbinu ya kizee! Anataka nilegee. Sikumwamini hata chembe.

Jumatatu, 2 Machi

Verna anaoka maharage na pai za tufaha kwa chakula cha mchana cha Mkutano. Nimempangia vizuri. Atakaa kwenye jiko la ukumbi kutwa, yeye na majirani wetu watatu wa bondeni, ambao wote wanaitaka kokoto kama sisi. Tumbo likishiba, moyo hulainika. Verna akasema angependa kuzungumza mwenyewe juu ya barabara. Nikamkataza. Mke wa Mwenyekiti akizungumza, itaonekana upendeleo. Akarudi kukanda unga.

Jioni nimefanya mazoezi ya kugonga meza kwa nyundo ya misumari. Kikombe kimoja kimevunjika.

Jumanne, 3 Machi

Ushindi! Hollis alinitaja kabla watu hawajavua makoti. Royce akasimama, nikajua vita imeanza. Akaniunga mkono! Akapiga makofi! Hakujitokeza mpinzani. Nikapanda jukwaani, nikashika nyundo. Royce akashuka, akakaa katikati ya watu, akanyoosha miguu kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Sikuipenda ile raha yake.

Hoja za asubuhi zilipita bila shida. Gari la zimamoto, paa la maktaba. Kina mama wakifuma soksi, wazee wakisinzia. Kisha kokoto. Nikakohoa, nikasimama kuitetea. Karani wa kijiji akanivuta mkono wa koti, akaninong'oneza kwamba Mwenyekiti hatetei hoja. Wala haipingi. Wala kura hapigi, ila zikilingana. Nikadhani ananitania. Akanifungulia kanuni. Nikamtafuta Hollis kwa macho, anisemee. Hollis alikuwa nje anavuta sigara.

Hakuna aliyesema neno juu ya kokoto.

Royce akanyoosha mkono. Na ni mimi niliyempa nafasi, maana ndiyo kanuni! Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, miaka yote hiyo nimekaa hapo ulipo, mdomo nimeufunga. Leo nimefunguliwa." Watu wakacheka. Akaanza na barabara yetu. Nyumba nne tu, na mojawapo iko kileleni, ambako marehemu baba yake alimwonya mtu asijenge. Halafu akauliza, "Kama wanateseka kweli, wenyewe si wangesema? Haya, nani amesimama?" Akageuka huku na huku. Hakuna aliyesimama. Kutoka hapo akaingia kengele ya kanisa, mbwa wa watu, na wanaoegesha magari vibaya. Alikuwa na akiba! Nikagonga nyundo. Akanikumbusha kwa adabu kwamba muda wake haujaisha. Kweli ulikuwa haujaisha.

Kura za sauti. Kwa haki, "hapana" zilizidi kidogo. Nikatangaza "ndiyo" zimeshinda. Papo hapo watu saba wakasimama, na saba wakisimama lazima kuhesabu. Tukahesabu. Tumeshindwa kwa kura tatu.

Wanawake wanne walikuwa jikoni, Verna na wenzake, mlango umefungwa ili harufu ya maharage isiwavuruge wajumbe. Mimi ndiye niliyeagiza ufungwe.

Pai zilisifiwa sana.

Alhamisi, 5 Machi

Baridi. Barabara imeganda. Verna ameondoka alfajiri kabla matope hayajalainika. Hakugombana nami. Alisema alichotaka ni mtu mmoja asimame aseme mke wangu anakwama. Maneno matatu. Na kama si mimi, angeyasema yeye. Nikaanza kumweleza kanuni za Mwenyekiti. Akawasha gari.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimelia, sifichi. Pai iliyobaki haikupita kooni. Ilipita jioni.

Jumapili, 8 Machi

Verna amepiga simu! Hana hasira, amechoka tu. Ameulizia, na kumbe sheria inaruhusu: tukipata sahihi za kutosha ndani ya mwezi, hoja inarudishwa kwenye Mkutano mwingine. Ameshazungumza na Royce. Royce kamwambia, "Mama, ungetoka jikoni ukasema, mimi mwenyewe ningekupigia kura." Yuko tayari hata kurudi kitini kwa siku hiyo. Kwa hiyo Verna ananiomba kitu kimoja. Nijiuzulu, nikae kando yake. Yeye atasema. Mimi nitainua mkono. Kokoto ikipita, anarudi nyumbani. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa.

Nimewaza mchana kutwa, nikizungukia sahihi mlango kwa mlango. Sahihi zimeshatimia. Furaha niliyo nayo haielezeki. Mke wangu anarudi! Ila hapo pa kujiuzulu amekosea, na simlaumu. Royce anakitaka kiti chake, ndiyo maana amekuwa mwema ghafla. Nimesoma kanuni kwa makini. Mwenyekiti huchaguliwa kwa mwaka mzima. Nyundo bado ni yangu!

Nimempigia Verna, nimemwambia asihangaike na hotuba. Alete pai mara mbili ya zile, na safari hii awahi jikoni.