Jeneza la Hariri la Prince Doudou

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Albamu imekwisha! Inaitwa Jeneza la Hariri. Baada ya miaka thelathini na tisa ya ukimya, Prince Doudou Volta amefufuka. Nimerekodi bafuni kwa sababu ya mwangwi. Katika wimbo wa tano kuna mtu anavuta maji ya choo. Ni mke wangu, Constance. Nimemwacha humo. Anatisha vizuri.

Constance alisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akauliza kama naumwa. Nikamweleza kwamba ile new wave yetu ya zamani, ya vinanda vya umeme na nywele zilizosimama, sasa imekua na kuvaa nyeusi. Inaitwa gothiki. Makaburi, popo, mapenzi na mtu aliyekwisha kufa. Akasema kwa nini nisiimbe tu "Baiskeli ya Lulu".

Kila mtu na "Baiskeli ya Lulu"! Niliitunga Lubumbashi mwaka 1986, nikiwa kijana asiye na akili. Msichana anaendesha baiskeli, mnyororo unatoka, kijana anaurudisha. Basi. Hafi hata mtu mmoja. Nimeapa sitaiimba tena.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefanya mkataba na Constance. Anasema amechoka. Kona yangu ya kutengeneza simu ndani ya saluni yake haina wateja, na kinanda changu kinakaa mahali pa kiti cha kusukia. Kwa hiyo imekuwa hivi: uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa Queensburgh, hapa Durban. Ukumbi ukijaa, kinanda kinabaki, na mimi ni msanii mpaka siku yangu. Usipojaa, kinanda kinatoka nyumbani, na mimi naingia ghala la Clairwood chini ya shemeji Steve, kupanga maboksi nikiwa na kizibao cha rangi ya chungwa.

Rangi ya chungwa. Mimi.

Nikakubali haraka, kabla hajaongeza masharti. Kisha nikagundua kwamba siku hiyohiyo, saa ileile, Pierre-Claver ana tamasha la kwaya mjini. Pierre-Claver ni mtu ambaye akisimamishwa na robot nyekundu, taa ya barabarani, anawatabasamia madereva wote. Sauti nzuri, suti nzuri, hana adui. Simpendi kabisa. Nikampigia, nikamwomba kwa heshima ahamishe tarehe. Akasema ukumbi umekwisha lipiwa, lakini ataniombea. Huo ndio ubaya wake.

Jumapili, 19 Oktoba

Constance amepanda taxi kwenda Pietermaritzburg. Binti yetu amejifungua mtoto wa kiume. Mimi ni babu. Kwa msanii hii ni habari mbaya, nimeomba isitangazwe. Constance atarudi Jumamosi na kufikia ukumbini moja kwa moja.

Nyumba ikiwa tupu, nikapiga picha ya tangazo. Poda nyeupe ya saluni usoni, wanja mweusi, macho nimefumba, mikono kifuani, maua meupe pembeni, mshumaa mmoja. Simu ilipiga picha yenyewe. Nikazungushia fremu nyeusi. Chini nikaandika: Prince Doudou Volta, Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi wa Queensburgh, vaeni nyeusi, njooni mnione. Nilifikiria kuweka neno "albamu", nikaliondoa. Gothiki haijielezi.

Nikatuma picha kwenye grupu letu la WhatsApp, ambamo wamo Wakongomani karibu wote wa Durban, isipokuwa Constance. Alijitoa mwaka jana kwa hasira, kwa sababu ya sufuria za chama. Kisha nikazima simu. Msanii wa gothiki haonekani ovyo mchana. Mpaka Jumamosi najificha mtaa wa Bluff.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bluff, kwa Pandu. Huyu ni fundi seremala, mtu wa Unguja, anatengeneza makabati. Mpole sana. Hajui Kifaransa wala grupu letu, kwa hiyo kwake niko salama. Nimemwagiza jeneza la jukwaani.

Akakuna kichwa. Hajawahi kutengeneza jeneza maishani, maana kwao mtu huzikwa na sanda yake. Lakini niliwahi kumfufulia simu iliyoanguka baharini, hakuweza kukataa. Akanipima kwa futi, urefu na mabega. Akauliza kama nataka rafu. Nikasema hapana. Baada ya muda akauliza kuhusu droo.

Jumatano, 22 Oktoba

Jeneza limekwisha, na ni zuri! Ndani nimetandika pazia jeusi la saluni, Constance hatagundua. Tatizo moja. Komeo liko nje, kama la kabati. Nikamwuliza Pandu la ndani liko wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Bwana Doudou," akasema, "nguo hazijifungulii kabati."

Hakuna muda wa kubadilisha. Ameahidi kutolifunga.

Jioni niliwasha simu kidogo tu, kuona kama tangazo limesomwa. Limesomwaje! Grupu zima linalia. "Pumzika, msanii wetu." "Hatuamini." "Bado tulikuhitaji, papa." Mmoja ameandika kwamba nimewaacha mapema mno. Nimeguswa sana. Sikujua kwamba Durban kuna wapenzi wa gothiki wengi hivi, tena wanaoijua lugha yake vizuri. Na kuna kubwa zaidi: Pierre-Claver ameahirisha tamasha lake "kwa heshima ya ndugu yetu". Kwaya nzima inakuja Queensburgh. Amesalimu amri! Nililala nikicheka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimesikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa Constance. Amekasirika. Wiki nzima watu wa Durban wanampigia simu. Wanauliza kama amekula. Wanauliza kama ameketi, na nani yuko karibu naye. Mama Marcelline, mkubwa wa kina mama wote wa kwetu, alitaka kujua analala chumba kimoja na nani. Ukiwauliza kuna nini, wanasema hakuna kitu, mama, kula tu. "Batu ba Durban balishakuwa bawazimu?" anauliza Constance. "Na weye, simu yako iko wapi?"

Nikaketi juu ya jeneza langu.

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Unamwuliza kama amekula. Unamwacha asafiri, afike, mnamkalisha kwenye mkeka, mnamshika mikono, ndipo mnasema. Kwa maneno mengine nimekufa tangu Jumapili, na Durban nzima inajua isipokuwa mjane.

Mtu mwaminifu angeandika mara moja: niko hai. Mimi ni mwaminifu. Niliandika. Kabla ya kutuma nikapitia tena jumbe za grupu. Watu wa Pinetown wanakuja na basi la kanisa. Kina mama wamegawana sufuria. Steve anaazima viti kazini kwake kwa sababu vya ukumbi havitatosha.

Havitatosha!

Nikafuta. Na tuseme ukweli, mimi sijamdanganya mtu. Sijaandika popote kwamba nimekufa. Nililala, nikafumba macho. Kesho ukumbi ukijaa nitabonyeza simu yangu, kinanda cha Jeneza la Hariri kitalipuka kwenye spika za ukumbi, mlango utafunguka, nitasimama. Watalia kwa furaha, na watakuwa wameketi tayari, tena wamevaa nyeusi. Constance atafika nikiwa nimekwisha kufufuka. Nimepanga kila kitu.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika kwa shida. Shingo haigeuki.

Jana Pandu alinipeleka kwa bakkie yake, ile pikapu ya kubebea makabati, mimi ndani ya jeneza. Vijana wa kwaya wakanipokea mlangoni. Mmoja akasema papa alikuwa mwembamba lakini kifo kinaongeza uzito. Wakaniweka mbele, juu ya meza. Pandu alikuwa na kabati la mtu la kupeleka, akaaga. Akagusa mlango wa jeneza kuona kama umekaa sawa, na mkono wake, kwa mazoea ya kazi, ukafunga komeo.

Nikasikia viti. Nikasikia miguu, basi la Pinetown, kina mama wakitandika mikeka, watu wakiombwa wasogee. Ukumbi umejaa! Nikabonyeza simu. Kimya. Nikabonyeza tena. Kumbe Pierre-Claver alikuwa amechomoa waya za spika mwenyewe, akisema kwenye kilio hakuna disko. Nikasukuma mlango. Komeo.

Ningeweza kupiga kelele. Naapa nilikwisha vuta pumzi. Lakini dakika ileile Pierre-Claver alianza kuzungumza juu yangu, na nilitaka kusikia mpaka mwisho.

Alisema vizuri, mtu yule. Alisema simu ya marehemu mama yake ilipokufa, mafundi watatu walimwambia aitupe. Mimi nilikaa nayo siku nzima mpaka sauti ya mama ikatoka, na sikutaka malipo. Nilikuwa nimesahau. Akaketi akijifuta macho.

Kisha akasimama Mama Marcelline. Nilingoja aseme juu ya gothiki. Akasema kwenye harusi yake, Likasi, walipiga "Baiskeli ya Lulu" mpaka mabetri yakaisha, wakaendelea kwa makofi. Akaanza kuiimba kwa ile sauti yake iliyopasuka: Lulu punguza mbio, mnyororo umetoka, mkono wangu una grisi, moyo wangu una moto. Ukumbi mzima ukampokea. Kwaya ikapanga sauti nne, bila mazoezi. Hata vijana waliozaliwa hapahapa Durban, wanaotutukana kwa Kizulu, walijua maneno yote. Nani aliwafundisha? Nililia humo ndani, wanja ukaniingia machoni. Ni vumbi la mbao. Pandu hakupangusa vizuri.

Ndipo Constance akafika. Steve alikwenda kumpokea stendi ya taxi na njiani hakusema neno. Nikasikia wanamkalisha. Nikasikia mtu anamwambia. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia, na nimeishi naye miaka thelathini na mbili. Hapo nilitaka kufa kweli. Nikagonga kwa viganja na magoti, nikaita jina lake. Kilio kilinizidi, hakuna aliyesikia.

Akasema anataka kuniona. Kina mama wakamwambia mama, ngoja kwanza, upate nguvu. Lakini yeye ni Constance. Komeo likalia, mwanga ukaingia.

Akaniona. Poda, wanja mpaka kidevuni, glavu za wavu, simu mkononi. Nilitafuta neno la kumtuliza. Nikamwambia: "Ukumbi umejaa."

Alinitazama. Akafuta machozi kwa upande wa kitenge chake, taratibu, jicho moja na la pili.

"Iko muzima," akawaambia watu.

Kisha akafunga mlango na kurudisha komeo.

Nikamsikia anawaambia kina mama wagawe chakula kwa sababu fufu inapoa, na watu wametoka mbali. Mwanzo walinung'unika. Halafu mmoja akacheka, halafu wote. Wakala. Nilinusa makayabu, samaki wa chumvi, nikanusa sombe. Wakaimba "Baiskeli" tena, mara mbili, na kucheza. Steve alikuja kugonga mbao, akaniuliza kama nimekula. Hakunifungulia.

Pandu alirudi ukumbi ukifagiwa. Akafungua, akauliza kama onyesho lilikwenda salama.

Leo baada ya misa nilimkumbusha Constance mkataba wetu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Akajibu kwamba walijaa kwa ajili ya marehemu, na marehemu hana kinanda. Kinanda kinakwenda kwa Pierre-Claver, fidia ya tamasha lake. Nilimkuta mlangoni anakipakia kwenye gari. Akanishika bega, akasema anamshukuru Mungu niko hai. Alimaanisha. Akasema ataniombea.

Jumatano, 29 Oktoba

Clairwood, wakati wa chakula, katikati ya makontena. Kizibao ni cha rangi ya chungwa kweli.

Constance bado hanisemeshi. Steve anaimba "Baiskeli ya Lulu" kutwa akiendesha forklift, na jana madereva wa malori walianza kumwitikia. Nimewaambia wote waache. Watu hawa itabidi niwaachishe ule wimbo polepole, kama mtoto na ziwa.

Nimekaa nikachunguza kosa langu kwa makini, bila kujipendelea, na nimeliona. Ni rangi. Nyeusi inahuzunisha watu. Kwa hiyo albamu inayofuata ni nyeupe! Inaitwa Shela la Mwezi. Mapenzi, theluji, malaika. Bafu bado lipo, kinanda nitaazima.

Picha tumepiga jana baada ya kazi. Tina, msusi wa saluni, aliazima shela duka la jirani. Mimi suti nyeupe. Tumeshikana mikono, pete mbili zinang'aa, maua kila mahali, fremu ya dhahabu. Nikaandika: Prince Doudou na Tina, Jumamosi 22 Novemba, ukumbi uleule, vaeni nyeupe. Neno "albamu" sikuliweka. Linaharibu fremu.

Nimeituma asubuhi ya leo. Grupu linawaka! Vijana wananipongeza, wanasema mzee ana nguvu. Kina mama wa Pinetown wanauliza sare itakuwa kitenge gani. Tayari wapenzi wangu wanataka sare!

Na Constance amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu Jumapili. Mama Marcelline amempigia sasa hivi, kumwuliza kama amekula na kama ameketi. Constance anauliza nimefanya nini tena.

Nimemjibu kwamba ukumbi utajaa.