Neno Lililorudisha Posa

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Natumaini u mzima, ingawa kazi yako inaua posa za watu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, tena kile cha Uingereza.

Binti wa kaka yangu, mpokea wageni hotelini, alichumbiwa na kijana aliyekulia Marekani. Wakwe wakaomba niwaeleze kwa Kiingereza binti yetu yukoje. Nikaandika kwa fahari kwamba ni "homely". Kwa Waingereza huyo ni mtu mkunjufu, asiye na makuu, ukiwa naye unajisikia nyumbani. Kumbe kwa Wamarekani ni mwenye sura ya kutazamwa gizani! Posa ikavunjwa. Hivyo nalalamika:

1. Umezilaza maana hizi mbili kitanda kimoja, unajua hazisalimiani, na hukuona haja ya kutuonya.

2. Picha tuliwatumia. Binti ni mzuri; hata wasiompenda hukiri, wakishanuna kwanza. Wakwe wakasema picha siku hizi hupambwa, lakini shangazi hawezi kumsingizia mtoto wake. Watu wenye macho yao wakaamini kamusi.

3. Mama wa kijana alinipigia simu kunishukuru. "Dada, wasema kweli kama wewe wamebaki wachache," akaniambia. Sijawahi kutukanwa kwa adabu kiasi hicho. Nilipojaribu kufafanua, akanipa pole, kana kwamba tumefiwa.

4. Kaka yangu hasemi nami. Akiwa na neno humtuma wifi, naye huutazama mdomo wangu kama mlango uliosahauliwa wazi.

Kwa heshima zote, naomba neno hilo lifutwe. Wamarekani wamwombe binti radhi, mmoja mmoja, kwa foleni. Na ofisi yako imtafutie mchumba mwingine, awe na maana moja tu.

Wasalimie wasaidizi wako wote. Aliyeshughulikia herufi H mpe salamu nusu.

Ni mimi, mwenye uchungu na sarufi safi,
Shangazi wa Binti

N.B. Nimemsomea binti barua hii akipiga pasi sare yake. Amenikumbusha kwamba neno lile alinipa yeye, mimi nilitaka kuandika Kiingereza cha "mkarimu". Waingereza na Wamarekani anawapokea kila siku. Maana zote mbili alizijua. Yeye hakumtaka kijana yule, ila baba yake hakuwa akisikia. Anakuomba sana neno msilifute: rafiki yake naye ameletewa posa.