Nitakanyaga Breki Bila Kukunja Uso

Jumatatu, 17 Juni

Miaka miwili na nusu tangu niondoke nyumbani, ukitoa likizo ya mwaka jana iliyoniletea mimba. Wiki ya tatu tangu nipasuliwe. Mtoto mzima, analia kama honi ya lori, namshukuru Mungu. Mimi mwenyewe natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano.

Leo mpakizi mmoja wa kiwanda cha mikate kapita kuniona. Kaleta sabuni na umbea. Sabuni nzuri. Umbea mbaya: gari langu, Namba Tatu, analiendesha Mapozi! Yule yule anayevaa miwani ya jua hata ndani ya stoo. Eti ananishikia tu. Ananishikia! Sheria ya kiwandani haijaandikwa popote lakini hata paka wa stoo anaijua: dereva aliyemaliza mwezi akiwa na gari, gari ni lake, mpaka augue au afe. Asiye na gari anapelekwa kwenye tanuri. Tanuri nalijua. Lilinila nyusi mwaka wangu wa kwanza. Sikumwacha mume na shamba ili nije kuokwa.

Muuguzi alisema nisiguse usukani mpaka niweze kukanyaga breki kwa nguvu zangu zote bila maumivu. Wiki sita, pengine zaidi. Mwezi unaisha wiki ijayo. Nimepiga hesabu kwa vidole, nikarudia. Basi muuguzi atakuwa amekosea.

Mpango: nirudi kwenye Namba Tatu kabla mwezi haujafa. Mama mkwe asijue. Amesafiri kutoka nyumbani kuja kunilea, na ana macho ya askari wa barabarani.

Jumatano, 19 Juni

Mazoezi yameanza! Mama mkwe kaenda sokoni. Kiti cha dereva: kigoda. Usukani: sinia. Breki: tofali nililoliegemeza ukutani. Klachi: kandambili ya mama mkwe. Abiria: mtoto, kitandani.

Gia ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Kona ya benki nikaikata vizuri mno. Kisha breki. Mguu ukaenda, tumbo likabaki. Nikaona nyota mchana kweupe. Nikalikumbatia sinia mpaka dunia iliporudi mahali pake.

Nikaanza upya, safari hii na mlio wa injini ili nipate moyo. Mama mkwe akaingia nikiwa gia ya tatu, napiga honi kwa mdomo. Akaweka kikapu chini taratibu. Akaniuliza, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, kama kichwa kinaniuma. Nikasema nambembeleza mjukuu wake. Akatazama sinia, akatazama tofali, akatazama kandambili yake. Akatoka kumpigia simu mwanawe. Nilimsikia dirishani, simu kaiweka spika: “Baba, mkeo amekuwa gari.”

Mume wangu, mtu mpole, akauliza gari aina gani.

Na mtoto kweli alilala! Sasa halali bila injini. Tena anataka gia ya pili. Nikipandisha ya tatu, anafungua macho. Nimenguruma mpaka koo limekauka.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda yadi kusalimia, mtoto begani, mama mkwe nyuma yangu. Salamu ilikuwa kisingizio. Nilikwenda kupeleleza.

Kosa la kwanza: nilisahau wapakizi ni watu wa masihara. Walivyoniona tu wakaanza. Mama Mikate, umetuletea mkate gani huo usio na chumvi, mbona haujaiva nywele? Mimi kucheka siwezi, mshono unanikataza. Nikasimama nimekaza uso kama picha ya kitambulisho. Sasa wanasema uzazi umenitia maringo.

Namba Tatu nimeiona. Usukani kauvalisha manyoya! Kwenye kioo kaning’iniza marashi. Kiti kakirudisha nyuma kabisa, maana ana miguu mirefu kama ngazi. Akaja kunisalimia, akavua miwani, akauliza, dada, unapumzika lakini? Mkewe naye alipasuliwa, anajua shughuli yake. Nikamwambia mikate yake siku hizi inanukia kinyozi. Akacheka, akamshika mtoto kidole. Mnafiki mkubwa.

Nikaenda kwa msimamizi wetu, tunamwita Filimbi kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake. Nikamdanganya kwamba muuguzi ameniruhusu. Akanikagua toka kisogoni mpaka visiginoni. Akasema sawa, Ijumaa ijayo, jaribio la breki kama kila dereva anayetoka hospitali. Unakuja na gari mbio kidogo toka getini, yeye anasukuma toroli la mikate ya jana mbele yako, unasimama. “Matairi siyaangalii, mama,” kasema. “Nakuangalia uso. Ukiukunja tu, unarudi kitandani.”

Uso! Kumbe kazi yote ni uso. Hilo ninaliweza.

Jumatatu, 24 Juni

Mazoezi ya uso. Nimesimamisha kioo juu ya kabati, nikakanyaga tofali. Kipaji cha uso kilitulia. Mdomo ukatulia. Lakini sikio la kushoto likacheza lenyewe! Na kuna sauti nyembamba inanitoka, kama mlango usiotiwa mafuta. Mpango mpya: nikikanyaga, niimbe. Sauti ya juu itameza sauti nyembamba.

Mchana kliniki. Mtoto kaongeza kilo. Nikamuuliza muuguzi kijuujuu, kana kwamba namuulizia jirani, huyo jirani akitaka kuendesha gari je? Akasema jirani apande kitandani. Akaweka kiganja chini ya wayo wangu, akasema sukuma kama unamwokoa mtu. Nikasukuma, huku naimba. Akasema breki hiyo haisimamishi hata baiskeli. Kisha akaniuliza kwa nini jirani anaimba.

Kanipa wiki mbili zaidi, halafu aniangalie tena. Kasema kidonda unachokiona kimefunga, cha ndani bado kinashikana, mwili hauna haraka na mwisho wa mwezi. Mama mkwe akaitikia kila neno kama yuko ibadani. Mimi nilikuwa nawaza kwamba yule dada hajawahi kupeleka mikate mahali.

Jumatano, 26 Juni

Nimepiga chafya. Siku nzima imeishia hapo.

Alhamisi, 27 Juni

Akili imenijia nikikunja nepi: miwani ya jua! Kubwa, nyeusi, inafunika nusu ya uso. Nusu iliyobaki nitaimba nayo. Tatizo, mtu pekee ninayemjua mwenye miwani ya aina hiyo ni Mapozi. Nimetafuta mwingine kwa siku nzima. Hakuna.

Nimejishusha, nimempigia. Nikamwambia jua linanichoma macho tangu nijifungue. Jioni kaja nayo mwenyewe, kaifunga kwenye kitambaa, na mapapai mawili juu. Eti ya kulainisha tumbo. Hajaniuliza lolote. Mtu anayetaka gari la mwenzake hawi mwema hivyo bila sababu. Papai nimekula, tamu sana, lakini namwangalia.

Ijumaa, 28 Juni

Siku yenyewe. Mama mkwe nimemwambia nakwenda kuchanjwa. Hakuuliza chanjo gani, alikuwa anambembeleza mtoto kwa gia ya pili. Kajifunza.

Nimejifunga shuka tumboni mara nne. Mto mdogo chini ya mkanda. Miwani usoni. Nimefika yadi kama mwanamuziki mzee. Wapakizi wakapiga makofi.

Kwanza kiti. Mapozi alikirudisha nyuma, na ili kukivuta mbele lazima ukaze tumbo. Nikavuta. Tumbo likakataa. Nikasema basi, nitakaa ukingoni, nikaweka kreti tupu mgongoni. Filimbi akashika toroli lake. Nikawasha gari. Ah, sauti ile! Nilisahau mshono, nilisahau mume, nilisahau jina langu. Nikatoka getini, nikageuza, nikaja.

Toroli likatokea. Nikaliona mapema kabisa, naapa. Nikafungua mdomo, nikaanza kuimba. Mguu nikautuma. Haukwenda. Yaani ulikwenda kidogo, ukakutana na maumivu njiani, ukarudi. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikiwa bado kwenye ule mstari wa kwanza wa wimbo, na Namba Tatu ikalipanda toroli zima. Mikate ikaruka mpaka juu ya paa la stoo. Mlinzi akafungua geti, akidhani wimbo wangu ni king’ora cha gari la wagonjwa.

Miwani ilikuwa shingoni. Uso wangu wote uko nje, umekunjwa kama shati la sandukuni.

Nilingoja filimbi. Hakuipiga. Alikuja dirishani, akaniangalia mikono, bado imeng’ang’ania breki. Akasema polepole, “Toroli halina mama. Wanaovuka barabara wote wana mama zao. Na wako nyumbani ana wewe.”

Nililia. Kulia nako kunauma, nilikuwa sijui.

Mapozi ndiye aliyenifungulia mlango. Kanirudisha nyumbani kwenye gari langu, mimi kiti cha abiria, na kila tuta alilipanda kama anabeba mayai. Mlangoni mama mkwe alitazama shuka, mto na miwani. Akasema maji ya kuoga yako tayari.

Jumapili, 30 Juni

Mwezi umekufa leo. Filimbi katuma salamu: Namba Tatu ni ya Mapozi. Mimi nikipona naanzia tanurini, na nisionekane yadi mpaka muuguzi azungumze naye yeye mwenyewe kwa simu. Hanitaki hata nikiwa nimebebwa.

Nimelala chali tangu asubuhi. Nimefikiri sana kuhusu maisha yangu. Nimeona kosa langu wazi kabisa: nilichagua gari lenye kiti kibovu.

Sasa, dereva wa Namba Tano ana ngiri. Kila mtu anajua. Kakataa kupasuliwa kwa sababu anaogopa kupoteza gari. Mchana nimempigia, nimeongea naye kwa upole sana, kama dada. Nimemwambia aende tu, kupasuliwa si kitu, mimi mwenyewe ni shahidi. Ila akishatoka asikimbilie usukani, mshono si wa kuchezewa. Akae miezi mitatu. Minne ikiwezekana. Kanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Anaingia hospitali mwezi ujao.

Muuguzi kasema wiki mbili. Nimepiga hesabu upya, kwa mtu mwenye mazoezi ni moja na kitu.

Jioni mume kapiga simu, kaniuliza narudi lini nyumbani. Nimemwambia mwezi wa kumi na mbili, katikati, nikiendesha mwenyewe, Namba Tano, mtoto pembeni. Nikamwambia asikae tu. Aanze kung’oa nguzo za lango la shamba, gari lile ni pana.