Mrudishieni Babu Pumzi Yake

Merano, juma la Sikukuu ya Marehemu

Mheshimiwa Dokta Bonfanti,
Mkuu wa Maabara ya Kusafisha Filamu, Roma

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Ningepiga simu, ila nikisikia "haloo" ya mtu nisiyemjua, ulimi hunikauka. (Kama juzi kuna mtu alikupigia akawa anahema tu bila kusema neno, ni mimi. Samahani kwa hofu.) Nakuita Dokta bila kujua shahada yako, kwa sababu Bibi yangu Nives anasema mtu yeyote mwenye kiti cha ngozi aitwe Dokta, haigharimu kitu.

Naandika kuhusu "Konokono Watatu wa Mjane", ile sinema ya visu iliyopigwa hapa kwetu, kwenye hoteli ya maji ya moto, baba yangu akiwa bado ananyonya. Naipenda kupita kiasi. Ni mbovu, sikatai: konokono haonekani hata mmoja, na kila mwanamke akisikia nyayo hutafuta mshumaa ilhali swichi ya taa iko begani kwake. Lakini ubovu huo ndio utamu wenyewe, na ninyi mmeusafisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Damu. Ilikuwa na rangi ya mchuzi wa nyanya za kopo. Bibi, ambaye huzimia mtu akitokwa damu puani, aliweza kutazama mpiga kinanda akichinjwa huku anakula keki yake ya tufaha. Sasa mmeitia wekundu wa kweli. Bibi kaweka uma chini: "Nani kawatuma hawa? Mbona safari hii wamemuumiza?"

2. Midomo. Zamani mdomo ulitangulia, sauti ikafuata baadaye. Mimi shuleni asubuhi nafundishwa kwa Kiitaliano, mchana kwa Kijerumani, na nikiulizwa swali mdomo hufunguka kabla maneno hayajafika. Mpelelezi wa filamu ile ndiye mtu mzima pekee niliyewahi kumwona mwenye shida yangu, na bado alipendwa na wanawake wawili. Sasa mmemnyoosha, anaongea kama msoma habari. Nimebaki peke yangu.

3. Muuaji. Mwishoni daktari anaeleza kwamba muuaji aliwaua wote wale kwa sababu utotoni alifukuzwa na bata bukini. Hapo hamkugusa kitu. Asanteni. Si lalamiko, ila nilikuwa nimeshaandika namba.

4. Babu. Babu Tarcisio alikuwa mtunza bustani wa hoteli. Siku ya kupiga filamu, maiti aliyekodiwa hakufika kazini, basi Babu akavishwa suti, akabandikwa kisu cha mpira kifuani, akalazwa kando ya bwawa. Anaonekana muda wa kumeza mate tu, na muda huo tumbo lake linapanda na kushuka waziwazi. Alifariki kabla sijazaliwa. Kwenye harusi zote za ukoo yeye ndiye aliyeshika kamera, kwa hiyo hatuna Babu anayetembea wala anayecheka. Tunaye huyu maiti tu, anayepumua.

Kila Sikukuu ya Marehemu, tukitoka makaburini, ukoo mzima hujipanga mbele ya televisheni. Tumbo likikaribia, Baba Mkubwa Dario hupaza sauti, "Haya mzee, pumua!" Linapanda, tunapiga makofi. Mwaka huu kanda yetu ilitafunwa na mashine, tukaweka toleo lenu jipya. Baba Mkubwa akapaza sauti. Tumbo kimya.

"Imeganda," akasema Shangazi Ornella.

"Imeganda wapi wewe?" akamjibu Baba Mkubwa. "Maji si hayo yanacheza?"

Ni kweli, maji yalikuwa yanacheza. Aliyeganda ni Babu peke yake.

Dokta, muuaji wa kwanza, yule wa kwenye filamu, alivaa glavu nyeusi na Babu alimshinda. Ninyi mnavaa glavu nyeupe, nimeziona kwenye picha zenu, na mmemmaliza. Kwa heshima zote naomba pumzi yake irudishwe kabla filamu haijaonyeshwa mwezi ujao katika ukumbi wa parokia, mbele ya mji mzima. Ikishindikana, maabara nzima ije kwenye misa ya mazishi na maua, ikae kiti cha mbele na wafiwa. Na hilo likishindikana, aje yule aliyebonyeza kitufe, alale sakafuni kwetu, abane pumzi, tumwone atafika wapi.

Wasalimie wote kazini, hata mhusika, maana huenda naye ana babu.

Wako katika msiba wa mara ya pili,
Loris Pedrotti

Nyongeza: Bibi ameiona barua kabla sijaifunga. Amecheka mpaka akavua miwani. Anasema Babu aliagizwa abane pumzi akashindwa kila mara, na mwongozaji akamfokea mbele ya watu: "Maiti gani wewe, unahema kama ng'ombe!" Tangu hapo kila akiingia baa walimpokea, "Karibu marehemu! Bado hujafa tu?" Alicheka nao, ila akirudi nyumbani alikuwa hali chakula. Hata alipokuwa mgonjwa aliuliza kama kuna mtu anayeweza kukiondoa kile kipande. "Waandikie wasiguse," Bibi ameniamuru. "Safari hii amekufa kama fundi." Wale wazee wa baa ameshawawekea viti vya mbele parokiani.

Kwa hiyo msirudishe chochote. Ila kama ile pumzi mliyoitoa hamjaitupa, nitumieni mimi, kwa anwani ya shule. Bibi asijue.