Mbuzi Hawatoki Kabla ya Saa Nne

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimemaliza kuandika! Utafiti wangu wa minyoo ya mbuzi umekamilika. Miaka yote Siakago nzima ikiniita Runji wa Sindano, kumbe mwanasayansi yumo ndani.

Jambo lenyewe ni dogo, na ndilo linaloninyima raha. Alfajiri, watoto wa minyoo hupanda juu ya nyasi zenye umande. Mbuzi akitoka mapema, anawala. Ukimweka zizini hadi jua likaushe nyasi, minyoo inapungua. Basi! Mtu anaweza kuniibia huku akivuka barabara.

Mhariri wa jarida la mifugo, Daktari Muthamia, atatoka Nairobi Jumamosi ya tarehe 7 Desemba kuona mbuzi wangu. Sharti ni moja: liwe jambo jipya, lisilojulikana popote. Jarida ni ghali kuliko beberu wangu mkubwa. Ofisi yetu ya mifugo haina nakala hata moja. Zilizopo zimefungiwa kabatini Embu, na ufunguo anao Njagi, ofisa mwenzangu, ambaye jina lake limo jaridani mara mbili na hatupumzishi. Ngoja. Atalifungia na langu.

Jumatano, 6 Novemba

Majirani wameanza kuuliza kwa nini mbuzi wangu wanatoka saa nne. Nimemwagiza Karimi, mke wangu, aseme bado nimelala. Kisingizio safi! Nani atatafuta sayansi kwa mvivu?

Karimi akaguna. Akasema mbuzi wa mama yake wanaharisha na wengine wamekufa, na hao ndio mbuzi wa mahari ya kaka yake, Ireri, wanaongojewa ukweni kabla ya Krismasi. Bila mbuzi, hakuna bibi. Akaniuliza kama sina la kusaidia.

Nimewapelekea dawa ya minyoo. Lile lingine nimelimeza. Roho imeniuma, sitaki kudanganya. Lakini jarida likitoka mwezi wa Aprili Ireri atajisomea mwenyewe. Njagi akimfungulia kabati.

Jumapili, 10 Novemba

Fedheha! Nimekutana na Ciakuthii, mama mkwe wangu, njiani kutoka kanisani. Kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe uso kwa uso. Anampisha, na kujibizana naye ni mwiko. Nikampisha. Nikaruka kichakani bila kuangalia. Miiba mitupu!

Akasimama hapo hapo, akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia vizuri, kwamba binti zake wengine waliolewa na wanaume, ila Karimi aliolewa na kitanda. Nami nimechutama, siwezi hata kukohoa.

Karimi amelia kwa aibu. Nimemwambia sayansi ina gharama zake. Amenitolea miiba bila huruma yoyote.

Jumanne, 12 Novemba

Njagi! Amefika asubuhi na mapema kwa pikipiki ya ofisi, eti ukaguzi. Akaegemea zizi, akauliza mbona mbuzi bado wako ndani. Nikafungua mlango papo hapo, nikawaswaga wote hadi bondeni kwenye nyasi ndefu zinazotiririka maji, huku nikipiga mluzi kama mchungaji hodari.

Akasema ana kazi hapa Siakago kwa majuma kadhaa, kwa hiyo atakuwa akipitia kila asubuhi kunywa chai. Sawa! Mchezo ni wa wawili. Kila akija atawakuta mbuzi malishoni. Hatang'amua kitu, maskini.

Jumanne, 26 Novemba

Njagi hajang'amua kitu. Amekunywa sukari yote.

Beberu wangu mkubwa anaharisha. Wenzake pia. Manyoya yamesimama na shingo zimelegea. Karimi anasema tumekuwa tukiwalisha umande tangu Njagi aanze kuja, sasa nilitarajia nini. Nimemwambia mambo ya utafiti aniachie mimi. Dawa imekwisha ofisini, na ile ya mwisho niliwapa wakwe. Muthamia anakuja na mimi nina zizi la wagonjwa! Silali, sili. Natembea tu kutoka zizini hadi jikoni.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeenda kanisani jua limeshapanda. Malishoni hakuna mbuzi hata mmoja. Kila zizi limejaa! Nikadhani karantini imetangazwa bila mimi kujua. Nikamuuliza Ireri.

Akashangaa sana. Akasema, kwani shemeji hujui? Ni njia ya Ciakuthii! Mbuzi hawatoki kabla ya saa nne. Mama amewafundisha akina mama wa kanisa na wao wameipeleka hadi Ishiara. Mbuzi wa mahari wamepona na wananenepa. Kisha, kwa upole, akanishauri na mimi nijaribu, maana amesikia wangu hali yao si nzuri sana.

Karimi amekiri bila hata kuacha kumenya viazi. Alichoka kuitwa mke wa kitanda. Alimweleza mama yake kwamba mimi si mlalaji, ni mbuzi wanaongoja nyasi zikauke, na mama akaelewa kabla sentensi haijaisha. Nikauliza kwa nini basi akawaambia watu wote. Karimi akasema mama yake hana kabati.

Nimshtaki nani? Mama mkwe? Nitamshtakia wapi, kichakani?

Jumamosi, 7 Desemba

Muthamia amefika. Kwa bahati mbaya aliuliza njia kwa Ciakuthii. Akakaa huko mpaka mchana, akala maharagwe ya njahi, akaonyeshwa mbuzi.

Kwangu alikaa muda wa kupiga picha tu. Nilimweleza kila kitu. Akakubali kwamba nimeandika vizuri. Lakini jambo jipya? Dereva wake alilisikia wakiweka petroli. Akasema jarida halichapishi kinachojulikana na Mbeere nzima. Tena kwa maoni yake hivi ni bora, maana jarida lingesomwa na watu wachache wenye funguo, na mbuzi wasingeona faida. Ila ameahidi hatanisahau.

Jumapili, 22 Desemba

Hakunisahau.

Jana Ireri alipeleka mahari, mbuzi wazuri sana, nilitaka kulia na sijui kwa nini. Njiani kurudi nikaona watu wamejazana kwenye bucha ya Idrisi. Ukutani pana karatasi kubwa kutoka Nairobi, kwa Kiswahili na Kimbeere, na nakala za kuchukua bure. Njia ya Ciakuthii! Juu, picha ya mama mkwe na mbuzi wake. Chini, picha ya beberu wangu, mkia mchafu, na mimi nimesimama nyuma nikitabasamu. Wameandika: USIFANYE HIVI. Halafu kwa herufi ndogo: shukrani kwa Bwana Runji aliyetoa mbuzi wa kulinganisha.

Idrisi amenipongeza. Njagi amechukua nakala. Anasema ataiweka kabatini!

Lakini kosa nimeligundua. Nilikuwa na siri moja na mke mmoja, hapo ndipo ilipovuja. Leo nimegundua jambo kubwa kuhusu kuku. Kubwa mno! Safari hii simwambii Karimi. Nimefunga banda kwa kufuli na ufunguo uko shingoni mwangu. Akiuliza kwa nini kuku hawatoki, nitamwambia bado wamelala.