Globu Moja Kanisani Igamba

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Umeme umefika kanisani kwetu Igamba! Globu moja darini, jenereta inanguruma nje. Mazoezi ya kwaya sasa ni jioni. Balaa: globu hiyohiyo inammulika Amoni wa besi, meno yote nje. Ketrina hamtazami mwingine. Mimi Lusubilo nimejipaka mafuta bure. Lakini nimepata akili. Nitamtia Amoni gizani.

Jumanne, 4 Agosti
Nimemuuliza Mwalimu Rubeni, kiongozi wa kwaya, mwanga hupungua vipi. Akasema ukikaa mbali na globu mara mbili, haubaki nusu, unabaki robo. Unga uleule, akasema, umeanikwa kwenye mkeka mkubwa zaidi. Nikamwambia nilikuwa najua. Robo! Safi kabisa.

Jumatano, 5 Agosti
Nimemshauri Mwalimu kwamba besi inawafunika akina mama. Akakubali. Benchi la Amoni limerudi nyuma, mara mbili kamili. Meno hayaonekani! Ila Amoni naye hayaoni maneno ya wimbo. Ketrina akanyanyuka na kitabu chake. "Kaka Amoni, nije nikusomee?" Kwa mwanga ule ilibidi vichwa vigusane. Nimekosea ubeti wa pili wote.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimegundua kosa. Sikumsogeza vya kutosha! Nimeomba benchi lifike ukutani. Mara tatu. Mwalimu anasema hapo inabaki sehemu moja ya tisa. Sasa hakuna binadamu anayeweza kusoma pale. Nikapita karibu, eti natafuta penseli. Kitabu kimefungwa. Wameshikana mikono.

Jumapili, 23 Agosti
Mchungaji ametangaza ndoa ya Amoni na Ketrina. Mama Enesi, mama yake Ketrina, amenishukuru mbele ya watu wote, kwa kuwa wazo la benchi lilikuwa langu. Nikacheka pamoja nao. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mashamba ya kahawa, nisikutane na mtu. Sijala.

Jumatatu, 24 Agosti
Nimepona. Ferista wa sauti ya kwanza ana kitabu kipya na moyo wa huruma. Jioni nimehamia ukutani mwenyewe, nikakunja uso kama mtu asiyeona kitu. Mtu akaja mbio kunisaidia. Mwalimu Rubeni! Amenisomea beti zote sikioni, na jana alikula vitunguu, na leo pia.
Nimefikiri sana. Tatizo ni kwamba pale ukutani bado kuna mwanga mwingi. Kesho naweka benchi langu nje ya mlango.