Ngitili ya Kiwanda

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Katoro.
Mgodi umepiga simu. Zabuni ya chokaa nitaipata ikiwa kiwanda changu kinatunza mazingira na kusaidia jamii. Mimi! Niliyeanza na kinu cha mkono, bila mjomba serikalini! Jamii ilinisaidia lini? Ijumaa anakuja afisa wao wa mazingira, Dorah. Mshindani wangu Euphrasia, wa kiwanda cha chokaa na sabuni, ana miti tangu mwaka juzi. Leo kanipungia mkono. Dharau.

Jumanne, 2 Septemba
Nimenunua miche kumi na miwili kwa ekari mbili. Ukipiga picha kwa karibu, msitu. Nimechomeka na matawi ya mwarobaini kuongezea.

Jumatano, 3 Septemba
Matawi yamenyauka. Lakini nina akili! Nyuma ya ghala nyasi zimesimama kwa sababu sijawahi kuzifyeka. Si ndivyo sisi Wasukuma tunavyotunza malisho ya kiangazi, tukayaita ngitili? Uzio kidogo, kibao langoni: NGITILI YA JAMII. Gharama: bati moja na rangi. Mzee Mageni, jirani mfugaji, alikisoma mara mbili, akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa, mzee wangu, jamii ndiyo ninyi. Akanibariki. Watu wepesi kufurahi hawa.

Ijumaa, 5 Septemba
Balaa! Namwonesha Dorah kibao, namweleza jamii inavyofaidika, mara jamii ikafika. Ng'ombe wa kijiji kizima, Mzee Mageni mbele akipiga mluzi! Nikamvuta pembeni: mzee, hicho ni kibao tu. Akajibu kwa sauti, “Mwanangu, ng'ombe hawajui kusoma. Nimewasomea mimi.”
Nyasi kwisha. Miche kwisha. Matawi pia! Kisha wakaingia ghalani kutafuta kivuli, wakatoka na chokaa mwili mzima, weupe pe. Dorah akauliza ni mbegu gani. Nikasema ya kisasa. Mmoja akajikung'uta. Dorah naye akawa wa kisasa.

Jumatatu, 8 Septemba
Zabuni kapewa Euphrasia. Nami tangu Jumamosi naosha ng'ombe wa watu, kwa sabuni yake, bila hata punguzo! Dorah kasema naweza kuomba tena mwakani. Nimekaa, nimepiga hesabu, kosa nimeliona: nyasi. Nyasi zinaliwa na ng'ombe. Nyuki je? Nani atamchunga nyuki? Nimeagiza mizinga ishirini. Nitaipanga pale pale langoni, Dorah akishuka garini aione kwanza. Kibao nimeshakipigilia: ASALI YA JAMII, KARIBUNI WOTE.